Madumu ya Wifi Yangu

Kwa miaka sita nimekuwa mwosha vyombo wa ukoo wa mume wangu. Si kazi ya mshahara. Ndiyo nafasi niliyopewa kwenye shughuli zao. Ukiwa msiba, maulidi au arusi, wenzangu wanagawana masufuria na viungo, mimi naelekezwa nyuma ya nyumba kwenye karai. Nalisema hili mapema ili asiwepo wa kunishangaa huko mbele. Nina kinyongo, nimekitunza vizuri, na sina haraka ya kupona.

Mimi ni mzaliwa wa Masasi, chini kwenye majabali, ambako bomba lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Nikaolewa Newala, juu huku, ambako kabla ya mvua kuanza maji yanatunzwa kama mgonjwa. Bi harusi mgeni anatazamwa kwa ndoo: anaosha mchele kwa maji kiasi gani, na maji yale ya mchele anayapeleka wapi. Nilijifunza upesi. Maji ya kusuuzia sahani niliyaoshea sufuria, ya sufuria nikayapeleka kwenye mpapai. Mama mkwe alinisifu kwa jirani, nikasikia kupitia uani, nikatembea wiki nzima kichwa juu.

Kitu kingine alichonisifia ni juisi. Kwetu tulikuwa na michungwa mitatu na mndimu mmoja, na mama yangu hakuwa na mchezo na juisi. Chungwa unalikata katikati, unalikamua kwa mkono bila kulibinya mpaka ganda jeupe, maana huko ndiko uchungu unakokaa. Mbegu zinatoka zote. Unachuja kwa kitambaa, unatia ndimu kidogo na sukari kidogo, na inanywewa siku hiyohiyo. Nilipoanza kuitengeneza kwa mama mkwe, wageni wakawa wanauliza kama nipo. Kwa mke mgeni hilo si jambo dogo. Nilikuwa nimepata kitu kimoja ambacho nyumba ile ilikuwa inanihitaji.

Wifi yangu hakukipenda. Ni dada mkubwa wa mume wangu, aliachika akarudi kwa mama yake na binti mmoja, akajengewa nyumba uani pale pale, kama wanavyofanyiwa mabinti wa huku. Ni mtu wa swala tano. Hatoki bila mtandio, na neno haramu halimkauki mdomoni. Kabla sijaja, yeye ndiye aliyekuwa anatengeneza vinywaji vya shughuli.

Kisha baba mkwe akafariki, na arobaini yake ikaangukia mwanzo wa msimu wa korosho. Asiyepajua kwetu hawezi kujua maana ya hilo. Msimu huo mabibo yanalala chini ya kila mkorosho, na watu wanayakamua maji yake, yakikaa siku moja mbili yanakuwa uraka, na uraka ni pombe. Newala nzima inanuka mabibo. Nyumba inanuka, khanga zinanuka, mtoto akikukumbatia ananuka. Pua ya mtu wa huku ikifika mwezi ule haiihesabu tena kama harufu.

Wageni walikuwa wengi na mimi sikuwa na vyombo vya kutosha. Wifi akaniletea madumu mawili ya lita ishirini, ya njano, yenye vifuniko vyekundu.

"Chukua haya, wifi. Masafi. Yalikuwa ya mafuta ya kula."

Nilimshukuru. Nikayasugua kwa majivu na mchanga, nikatia maji kwenye dumu la kwanza, nikalitikisa, na maji yaleyale nikayamimina kwenye la pili. Ndivyo tunavyosuuza sisi, mvua ikiwa bado. Nilinusa? Nilinusa. Yalinuka mabibo, na hata mkono uliokuwa umeyashika ulinuka mabibo. Nikayaanika.

Alhamisi nilikamua machungwa ya mwisho ya msimu tangu asubuhi mpaka alasiri. Sikuipasha moto ile juisi. Hilo ni kosa langu na nalikubali, sitaki kumbebesha mtu mwingine. Nyumbani kwetu juisi haikuwahi kulala, nikadhani kwa siku mbili kivuli kinatosha. Jumamosi nilipofungua kifuniko kilitoa pumzi, nikasema kilikuwa kimekazwa. Nikaona povu, nikasema ni la kumimina. Na sikuionja, kwa sababu mama mkwe ana utaratibu wake: kinywaji cha shughuli hakitangulii kinywani mwa mpishi, anaanza shehe.

Shehe akaanza. Alivuta funda moja, akalishikilia mdomoni, kisha akalirudisha kwenye kikombe kwa heshima zote na kukifunika kwa sahani yake. Akauliza kwa upole, "Hii imetengenezwa lini?" Wakati huo wengine walikuwa wameshamfuata, wameshakunywa. Mzee mmoja pembeni yake akacheka, akasema tumefuata dua tumekuta kilabu. Maneno yale yalitoka barazani kwa wanaume, yakapita sebuleni, yakanifikia jikoni kabla sijajua kuna nini. Nyumba ya Waislamu, arobaini ya mwenye nyumba, na wageni wamenyweshwa pombe.

Mama mkwe alikuja jikoni na jagi mkononi. Hakunipigia kelele. Kelele ningeimudu. Alisema mbele ya wanawake wote, majirani na ndugu, "Kuanzia leo huyu asiguse kinywaji wala chakula cha watu katika nyumba hii. Mkono wake una kileo." Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, mtandio umemkaa sawasawa, anatazama chini. Nilidhani ananionea huruma.

Ndiyo nikawa wa vyombo. Na mume wangu, mtu mzuri, muoga, akaniambia yatapita. Hayakupita. Mtoto wa jirani alitumwa kwangu chumvi, mama yake akairudisha. Nikipita sokoni nasikia wanawake wanashusha sauti. Watu wa huku wana adabu, hawakutukani, wanavikwepa tu vikombe vyako. Nilikaa nyumbani kwangu na hasira ambayo ilikuwa haina pa kwenda, nikimlaani mtu mmoja tu, mimi mwenyewe.

Mwaka uliofuata nilimuuguza mwanangu katika hospitali ya Ndanda, karibu mwezi mzima. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja mtu mzima, anauguza mjukuu, ambaye alikuwa amepika kwenye majiko makubwa sehemu kubwa ya maisha yake. Nilimsimulia aibu yangu kama mtu anayetubu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Madumu yalikuwa na nini kabla?"

Nikamwambia mafuta. Akatikisa kichwa. Juisi ya siku mbili, alisema, inaweza kuchacha, lakini haiwezi kugeuka pombe namna hiyo kama hakuna kitu kilichoisaidia. Uraka ukikaa kwenye plastiki unaacha mbegu yake, majivu hayaitoi wala mchanga hauitoi. Ukitia kitu kitamu juu yake, mbegu inaamka.

Mama yule alinifundisha yote mle wodini, akinionyesha kwa chupa ya maji. Chupa iwe ya kioo, ichemshwe. Juisi ipashwe moto mpaka vipovu vidogo vianze kushika ukingo wa sufuria, isitokote. Imiminwe ikiwa moto, ijae mpaka shingoni, ifungwe, ilazwe ubavu ili moto ufike kwenye kifuniko. Ikipoa, ikae gizani, kwenye mchanga uliolowana. Na akanifundisha kuijua iliyoharibika. Nyama za chungwa zinazotakiwa kukaa chini zinapanda juu na kukaa kama kofia. Kifuniko kinavimba, ukikibonyeza kinarudi. Ukifungua inapumua. Harufu yake ni ya unga wa maandazi uliolala. Ukitia ncha ya ulimi, inachoma kabla utamu haujafika. Usiniulize mara mbili, alisema, ukishaona viwili kati ya hivyo mwaga.

Niliporudi Newala nilianza kuuliza, polepole, nikiwa na korosho zangu za kubangua mikononi kama mtu asiye na habari. Haikuchukua muda. Mwanamke mmoja anayekamua uraka nyuma ya mashamba aliniambia bila hata kujua ananiambia nini: wifi yako mtu mwema, kila msimu ananiazima madumu yake mawili yale ya vifuniko vyekundu, ila mwaka ule wa arobaini aliyafuata mwenyewe mapema, nikamwaga uraka wangu haujawa tayari.

Alimwaga. Akamkabidhi wifi. Yakaja kwangu yakiwa mabichi.

Nilimwambia mume wangu, akasema yaishe. Nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga goti, nikamwambia kila kitu kwa adabu. Alinisikiliza akichambua mchele, na hakuinua uso. "Usimsingizie mwanangu," akasema. Nikainuka. Kuanzia siku ile niliacha kujilaani. Nilikuwa na mtu mwingine wa kumlaani, na nakiri iliniburudisha.

Wifi naye alirudishiwa vinywaji vyake. Miaka sita akigawa juisi, mimi naosha vikombe vilivyoinywa. Naangalia kila sakafu ya kikombe, kila kifuniko, nangoja. Nilikuwa nangoja kwa uvumilivu ambao mama yangu mzazi angeuonea fahari kama ungekuwa wa jambo jema.

Mwaka huu akamwoza binti yake. Mwanamume ni wa Masasi, watu wa heshima, wanakuja na magari mawili. Wifi alitaka waondoke na jina lake midomoni. Alikamua machungwa ndoo nne siku nne kabla, akaazima friza ya muuza duka na kuiweka sebuleni kwake, akazipanga ndani, akatangaza kwamba safari hii watu watakunywa juisi baridi hasa.

Umeme ulikatika siku mbili baadaye. Ukakaa umekatika.

Siku ya kuamkia arusi, baada ya adhuhuri, nilikwenda kwake kuchukua sahani. Hakuwepo, alikuwa kwa fundi wa nguo. Chini ya friza kulikuwa na maji. Niliinua mlango wake, nikaona kifuniko cha ndoo ya kwanza kimevimba kama shavu lenye jino bovu. Nikakibonyeza kwa kidole. Kikarudi. Nikabonyeza cha pili, kikarudi. Kisha nikafunga mlango wa friza taratibu, nikachukua sahani zangu.

Nataka hili lieleweke vizuri. Sokoni machungwa yalikuwepo. Mchana mzima ulikuwa umebaki. Ningesema neno moja tungekaa wanawake kumi tukakamua ndoo nne kabla ya magharibi. Yule binti hakuwahi kunikosea, ananiita mama na ananiamkia vizuri. Nilijua yote hayo, nikabeba sahani zangu nikaenda nyumbani, nikapika, nikala nikashiba.

Alfajiri umeme ukarudi. Juisi ikapata baridi, na baridi inaficha mengi. Wageni wakafika, nikaha ikafungwa, pilau likagawiwa. Nilikuwa kwenye karai langu ndoo ya kwanza ilipoletwa jikoni. Wifi mwenyewe ndiye aliyeshika kifuniko. Kikapumua. Nilikuwa hatua tano nikakisikia kama nilivyokisikia siku ile, na nyama za chungwa zilikuwa juu, kofia nzima.

Akaanza kumimina kwenye jagi. Nikafuta mikono, nikaingia jikoni.

"Wifi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, "onja kwanza."

Jikoni wote wakageuka. Wanawake walikuwa kama ishirini.

"Kinywaji cha shughuli hakionjwi," akasema.

"Kionje. Kwa usalama wa jina la mwanao."

Nikachota kikombe, nikampa. Alinitazama, na nikaona anajua kwamba najua, tangu madumu mpaka friza. Hakuweza kukataa mbele ya watu wale. Akanywa. Niliona shingo yake ikisita funda la kwanza, kisha akajikaza, akanywa mpaka chini, mtu wa swala tano.

"Tamu," akasema, macho yamemjaa maji.

Nikachota kingine. "Malizia hamu, wifi."

Akanywa cha pili. Sitadanganya: ilikuwa saa tamu kuliko zote nilizowahi kuishi Newala. Nilikuwa tayari kuchota cha tatu, cha nne, mpaka ndoo iishe.

Ndipo mama mkwe akasema kutoka mlangoni, "Nipe na mimi."

Nilimpa kwa mikono miwili. Nilimngojea kwa miaka sita. Alivuta funda, akalishikilia mdomoni vilevile kama shehe, na nikaona uso wake ukijua. Kisha akalimeza.

"Ni nzuri," akasema. "Ukali wa ndimu tu. Pelekeni."

Hakuna aliyeinuka. Mama mkwe akachukua jagi, akalisukuma mbele yangu mezani.

"Peleka wewe."

Mimi, ambaye sikuwa nimegusa jagi la watu tangu arobaini. Nikaelewa hesabu yake mara moja. Ikienda barazani mkononi mwangu, wa kulaumiwa anajulikana tayari, hakuna haja ya kutafuta.

"Aliyeitengeneza aipeleke, mama," nikasema, nikarudisha mikono nyuma.

Sote tukamtazama wifi. Hakupeleka. Alikaa kwenye kigoda, akavuta mtandio mpaka usoni. Baada ya muda mama mkwe akaagiza soda dukani na maji, ndoo zikabebwa zikamwagwa nyuma ya choo, zote nne. Wageni wakaambiwa umeme umetuangusha. Wakasikitika sana, kila mtu ana kisa chake cha umeme. Wiki nzima nilisubiri kusikia nani atasema nini juu ya wifi, na sikusikia kitu. Walilaumu umeme, wakampa pole mama wa bi harusi kwa hasara.

Miezi miwili imepita tangu pale. Juma lililopita, baada ya alasiri, mama mkwe alikuja kwangu peke yake na kikapu cha ndimu. Ana goti bovu na kutoka kwake mpaka kwangu si karibu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamtolea kiti.

"Hitima ya baba yenu ni Jumamosi," akasema. "Nimekuletea ndimu. Machungwa yatakuja kesho. Nataka uitengeneze wewe."

Siku zote nilidhani siku hiyo ikifika nitalia. Sikulia.

"Nitaitengeneza, mama. Ila watu wakishakaa, kabla hawajanywa, uwaambie. Uwaambie madumu yale yalikuwa ya nani, na yalikuwa yametoka wapi."

Alizigeuza ndimu juu juu kwa vidole.

"Unataka nimvue nguo mwanangu mbele za watu."

"Mimi ulinivua."

"Nilijua," akasema. "Siku ileile. Watu walipoondoka niliyanusa. Mimi mtu wa huku, lakini harufu ya uraka uliochacha na ya mabibo mabichi najua kuzitofautisha." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe ulikuwa na kwenu, mwanangu. Ungechoka na sisi ungerudi Masasi. Yule angekwenda wapi? Kwao ni hapa."

 Miaka yote nilidhani nimehukumiwa na mtu asiyejua. Kumbe alikuwa ametushika sisi wawili mikononi, akatupima, akajua hasa anamwacha nani.

Nikainua kile kikapu, nikamwekea mapajani.

"Kwaheri, mama," nikasema. "Mtafute mtu mwingine."

Alijiinua kwa shida. Desturi yetu mgeni anasindikizwa walau mpaka njia panda, na mama mkwe unambebea mzigo wake mpaka kwake, hata kama mmegombana. Nilisimama mlangoni nikamtazama akishuka kwenye mikorosho, anachechemea, anabadilisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule. Mara mbili alisimama kupumzika, na mara zote mbili aligeuka kutazama kama nakuja.